Mizani Kumi na Moja

Vitabu vya marudio vya Kiswahili vinavyouzwa hapa Kisumu huipa soneti sentensi moja. Ukishapita tathlitha, tarbia, takhmisa na tasdisa, ukapita ukaraguni, mtiririko, pindu na msuko, unaikuta chini ya ukurasa: soneti ni shairi lenye mishororo 14. Basi. Mwanafunzi anaikariri na kufungua ukurasa unaofuata.

Mpwa wangu hakufungua ukurasa. Yuko kidato cha tatu, anasoma shule ya bweni upande wa Vihiga, na likizo nyingi hushinda kwangu Migosi kwa sababu kwa mama yake kuna watoto wadogo na hakusomeki. "Mjomba," akaniuliza, "nikichukua utenzi, nikaukata ukifika mshororo wa 14, nimeandika soneti?"

Nikamwambia hapana.

"Kwa nini?"

Mimi hutunga mashairi ya arudhi, yaani yanayofuata kanuni za jadi, tangu nilipomaliza shule. Najua mizani (hesabu ya silabi) na vina, najua ukwapi na utao (vipande viwili vya mshororo), na mashairi yangu kadhaa yamesomwa redioni. Lakini soneti nilikuwa nikiichukulia kama mgeni wa Kizungu aliyepewa kiti kwenye orodha ya bahari zetu za ushairi kwa heshima tu. Swali la yule binti lilinifanya nikae nayo, na nimekaa nayo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia mwanzoni, hasa mtu anayetunga kwa Kiswahili.

Kazi yangu ni karani katika ofisi ya wakili, karibu na mahakama. Napiga chapa hati za kiapo, nafungua majalada, na mteja asiyejua Kiingereza akija kuapa, mimi ndiye ninayemsomea hati yake kwa Kiswahili au Kijaluo kabla hajatia sahihi. Nilipoanza kusoma historia ya soneti, kitu cha kwanza kilichonishika ni kwamba anayesemekana kuibuni alikuwa mtu wa kazi kama yangu. Giacomo da Lentini alikuwa mwandishi wa hati katika baraza la mfalme Frederick wa Pili, kisiwani Sicily, nusu ya kwanza ya karne ya 13. Dante, mshairi Mwitaliano aliyekuja baadaye na kuwa maarufu kuliko wote, anapomgusia katika shairi lake kuu hamtaji kwa jina. Anamwita kwa kazi yake tu, Mwandishi wa Hati. Nilicheka peke yangu ofisini. Miaka mia saba na zaidi, na karani bado anaitwa karani.

Si ajabu, basi, kwamba soneti hujenga hoja. Mashairi mengi ya mapenzi huimba, lakini soneti hushtaki, hujitetea, hupima. Nilikuja kuifahamu nilipoifananisha na kitu ninachokiona kila wiki: uamuzi wa hakimu. Hakimu huanza kwa kueleza madai ya mlalamikaji, polepole, kana kwamba anakubaliana nayo yote. Mlalamikaji anatikisa kichwa kwa furaha. Kisha hakimu anavuta pumzi na kusema "hata hivyo", na wote waliomo chumbani wananyoosha shingo. Wakili mzoefu hasikilizi sana kinachotangulia neno hilo. Soneti bila "hata hivyo" ni mistari 14 tu, na hilo ndilo jibu nililompa mpwa wangu kuhusu utenzi wake uliokatwa. Utenzi unasimulia, unasonga mbele, ubeti baada ya ubeti. Ukiukata popote unabaki utenzi mfupi. Soneti lazima igeuke.

Inageukia wapi? Kwa Waitaliano, baada ya mshororo wa 8. Mishororo minane ya kwanza huweka jambo mezani, na sita inayobaki hulijibu, au hulitazama upande wa pili. Da Lentini alipanga vina vya ile minane kwa zamu, a-b-a-b-a-b-a-b, kila herufi ikiwa kina kimoja. Petrarca, aliyezaliwa 1304 na kufa 1374, alizoea kuvikumbatisha, a-b-b-a mara mbili, na diwani yake kuu ya mashairi 366 ina soneti 317, nyingi zikiwa juu ya mwanamke mmoja, Laura. Sina maoni juu ya Laura. Ninachovutiwa nacho ni kwamba mtu aliandika umbo lile lile mara 317 na bado lilikuwa na nafasi.

Waingereza walilipata kwa Thomas Wyatt na mwenzake Henry Howard, Earl wa Surrey, karne ya 16. Howard alikatwa kichwa mwaka 1547, lakini si kwa sababu ya mashairi. Ni yeye aliyelipa umbo ambalo Shakespeare alilitumia: mafungu matatu ya mishororo minne minne, kila fungu na vina vyake, kisha mishororo miwili ya mwisho yenye kina kimoja. A-b-a-b, c-d-c-d, e-f-e-f, g-g. Soneti za Shakespeare zilichapishwa London mwaka 1609, nazo ni 154. Sababu ya vina kuongezeka kutoka vinne au vitano hadi saba ni rahisi: Kiingereza kina uhaba wa vina. Maneno yake huishia kwa konsonanti za kila aina, na ukitafuta maneno manne yanayofanana mwisho unaanza kusema mambo ambayo hukukusudia.

Hapo ndipo nilipodhani sisi tutapata mteremko. Kiswahili chetu karibu kila neno huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Kina kiko kila mahali, unaokota. Kumbe shida yetu ni kinyume cha ile ya Waingereza.

Nilikuwa na tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, niliyoitunga wakati gugu maji lilipoziba ghuba yetu kiasi kwamba mashua za ufuo wa Dunga hazikutoka. Naleta hapa ubeti mmoja ili msomaji aone nilipoanzia:

Gugu limefunga ziwa, wavuvi tunalilia,
Nyavu zetu zakaliwa, na kuku wajitambia,
Serikali yaambiwa, leo kesho yatwambia,
Gugu shamba hung'olewa, gugu maji laelea.

Ni tarbia ya kawaida. Mizani 16 kila mshororo, nane kwa nane, kina cha kati -wa, cha mwisho -a, na kibwagizo kinachorudi kila ubeti. Watu waliipenda kwa sababu ya kibwagizo. Ukiighani mbele ya watu, ukifika "gugu shamba" wao wenyewe wanamalizia. Nilitaka kuchukua jambo hilo hilo na kuliweka katika soneti, nione litageukaje.

Mashairi yangu huyapeleka kwa mzee mmoja wa Kaloleni kabla hayajaenda popote. Alizaliwa Mombasa, akaletwa Kisumu na kazi ya reli, akaoa hapa na kustaafia hapa. Macho yake yamechoka, hasomi tena. Unamsomea, anafumba macho, na ukimaliza anakwambia umekosea wapi kwa kunyoosha vidole vya mkono uliokuwa ukihesabu. Yeye ni wa arudhi kabisa. Mashairi huru huyaita "barua".

Jaribio langu la mwanzo lilikuwa na mizani kumi kila mshororo, kwa sababu Waingereza wana silabi kumi, na vina kwa zamu. Nilikuwa nimeoanisha "ziwa" na "sawa", "mchangani" na "majini". Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na vina umeviweka wapi?"

"Vipo, Mzee. Wa kwa wa, ni kwa ni."

"Kwenye karatasi."

Nikamsomea tena. Akatikisa kichwa. Ikabidi anieleze, na maelezo yake sijayakuta kitabuni. Katika tarbia, alisema, sikio hupewa kina kila baada ya mizani nane, na kina ni kile kile ubeti mzima. Silabi moja inatosha kwa sababu inapigwa tena na tena, haipewi nafasi ya kusahaulika. Soneti haina kina cha kati. Tena kina cha mshororo wa kwanza kinasubiri mshororo wa tatu, na katikati kimepita kingine. Mtu amebeba "-wa" kwa mizani ishirini, amepishana njiani na "-wa" nyingine kadha wa kadha zilizo ndani ya maneno, na akifika hajui ni ipi aliyotumwa. "Ukitaka sikio lingoje," akasema, "lipe kitu kikubwa cha kushika."

Kitu kikubwa ni silabi mbili. Yaani kina kianzie kwenye irabu yenye mkazo, ile ya pili kutoka mwisho: "ziwa" iende na "kaliwa", si na "sawa". Arudhi zetu hazidai hivyo, na sidai kwamba ziandikwe upya. Nasema tu kwamba kwa soneti ya Kiswahili kina cha silabi moja hakisikiki, na kisichosikika hakina kazi. Jaribuni kwa sauti, mtaona.

Mara tu unapodai silabi mbili, ule wingi wa vina unapungua hadi kufikia kiasi cha haki. Ila kuna mtego mwingine. Sarufi yetu hutoa vina bure: -ani ya mahali, -iwa ya kutendwa, -ana ya kutendana, -isha ya kusababisha. Unaweza kujaza shairi zima kwa "nyumbani, shambani, njiani, darasani" bila kufikiri. Mimi nimejiwekea sharti dogo: kina cha kisarufi kioane na kina cha mzizi. "Mchangani" iende na "jirani", kwa sababu katika "jirani" ile -ni ni sehemu ya neno lenyewe. "Twagombana" iende na "jana". Msikilizaji hajui kanuni hiyo, lakini anahisi kwamba neno la pili halikuja kwa mazoea.

Suala la mizani lilinichukua njia ndefu zaidi. Kumi zilikuwa zinakwama. Kila mshororo ulionekana umekatika mguu, na sikujua kwa nini, maana mizani kumi si kitu kigeni kwetu. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate imejengwa kwa mizani kumi, sita kwa nne, na hakuna aliyewahi kusema inachechemea. Lakini ile ina pumziko lake la ndani baada ya mizani ya sita. Mimi nilikuwa nimeondoa pumziko nikabakiza hesabu.

Usiku mmoja nikasikiliza kwenye simu Mwitaliano akisoma Petrarca. Sielewi neno hata moja. Nikaanza kuhesabu kwa vidole kama Mzee, nikapata kumi na moja. Nikadhani nimekosea, nikahesabu mwingine. Kumi na moja. Baadaye nikasoma kwamba ndivyo ulivyo mstari wao tangu enzi za da Lentini: silabi 11, na mkazo wa lazima uko kwenye ya 10. Sababu ni kwamba maneno mengi ya Kiitaliano hutiliwa mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Kama yetu! Waingereza wanamaliza mstari kwa kishindo, silabi ya kumi ndiyo yenye mkazo na hakuna kinachofuata. Kiswahili hakiwezi kumaliza kwa kishindo. Mshororo wetu wa mizani kumi huweka mkazo kwenye ya tisa, kisha unashuka, na ndiyo maana ulionekana mfupi. Ukiongeza mizani moja, mkazo unakwenda kwenye ya kumi, mahali pale pale walipouweka wote wawili.

Nikaamua kuchukua mpangilio wa Shakespeare na mshororo wa Petrarca. Mpangilio wa Shakespeare nimeupenda kwa sababu mafungu yake matatu yako karibu na beti za mishororo minne tulizozoea tangu Muyaka wa Mombasa. Masikio ya Kaloleni yatakuwa na pa kukalia. Na mshororo wa Petrarca kwa sababu ndio lugha yetu inaoutaka. Shairi lenyewe ni hili:

Gugu limeziba njia ya ziwa,
mashua zimelala mchangani,
nyavu zimekauka, zakaliwa
na kuku na watoto wa jirani.

Wavuvi walaani ua lake
zuri la zambarau, kule Dunga
mkaanga samaki, peke yake,
azima moto, arudisha unga.

Ila pepo za Nandi zikivuma,
gugu lote husafiri pamoja,
jani kwa jani, halibaki nyuma,
bila nahodha, bila hata hoja.

Sisi wenye mizizi twagombana
ufuo ni wa nani, tangu jana.

Mpwa wangu alilichukua daftarini na kulipasua kama wanavyofundishwa kwa mtihani. Idadi ya mishororo, vina, mizani. Akaja na malalamiko kwamba mshororo wa pili una mizani kumi. Nikamwambia ahesabu kwa kupiga meza: ma-shu-a, zi-me-la-la, m-cha-nga-ni. Ile m inayosimama peke yake ina mizani yake, kama katika m-tu na m-to-to. Vivyo hivyo m-ka-a-nga ni nne. Lakini mbo-ga ni mbili, kwa sababu pale mb ni sauti moja inayobebwa na o. Hesabu ya mizani hufanywa kwa mdomo, na mwenye kuhesabu herufi atapotea.

Akasema pia kwamba gugu maji lina mizizi. Walilichora kwenye baiolojia: mizizi mirefu, myeusi, yenye manyoya, inayoning'inia majini. Ni kweli. Nikamwambia haijashika udongo. Akasema shairi halikusema hivyo. Mshororo nimeuacha, na yeye ameacha alama ya kuuliza pembeni ya daftari. "Lake" na "yake" hakuzigusa, na hapo ningemkubalia, maana hicho ndicho kina dhaifu kuliko vyote humo, kimilikishi kwa kimilikishi. Lakini sikuwa tayari kumpoteza yule mkaanga samaki.

Mzee alikuwa na ugomvi mwingine. "Zakaliwa, halafu unakata? Zakaliwa na nani?" Kwake kila mshororo utosheke wenyewe, na mishata ni dalili ya mtunzi aliyeishiwa pumzi. Nikamweleza kwamba nilitaka msikilizaji angoje kidogo, adhani labda nyavu zinakaliwa na wavuvi wenyewe kwa huzuni, kisha apewe kuku. Akanyamaza. Halafu akasema, "Kuku ni mzuri." Hakuniruhusu mshata, lakini kuku alimkubali. Kuhusu "pepo" aliniuliza kama nimekusudia upepo au mashetani, na nilipomwambia vyote viwili akacheka mpaka akakohoa.

Kwa wasiokaa huku, pepo hizo zina ukweli wake. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na gugu hujazana upande wetu. Usiku hugeuka, hutelemka kutoka milima ya Nandi kuelekea ziwani, na kuna asubuhi unaamka gugu limehama kabisa. Nilikuwa nimeliona jambo hilo miaka yote bila kulitungia hata mshororo mmoja. Tarbia yangu haikulihitaji. Kibwagizo kilikuwa kimeshaamua kwamba gugu ni baya, na kila ubeti uliongeza ushahidi wa ubaya huo. Soneti iliponifikisha mshororo wa tisa na kunidai "ila", nililazimika kuuliza gugu lina nini kingine, na hapo ndipo lilipoanza kusafiri pamoja, nasi tukaanza kugombana. Sikuwa nimepanga kuandika juu ya ugomvi wa ufuo. Umbo ndilo lililoniuliza.

Tofauti kubwa kati ya mila hizi mbili, kwa kadiri nilivyoziishi, iko kwenye mwisho. Kibwagizo huahidi kwamba kitarudi. Msikilizaji wa tarbia anajua tunakokwenda na raha yake ni kufika tena na tena, kila safari kwa mzigo mpya. Mishororo miwili ya mwisho ya soneti husemwa mara moja, na huwa na nguvu kwa sababu hukuisikia kabla. Ndiyo maana watu wameitumia soneti kwa mambo mazito kuliko mapenzi. Mwaka 1919, watu weusi walipokuwa wakishambuliwa na kuuawa katika miji mingi ya Marekani, Claude McKay, mzaliwa wa Jamaika, alichukua umbo hili la Shakespeare na kuwaambia wenzake kwamba kama ni kufa, wafe wakipigana. Angeweza kuandika wimbo wa kuitikiwa. Alichagua kitu cha kusemwa mara moja.

Nililifahamu hilo vizuri siku Mzee alipoighani soneti yangu barazani kwake. Alikuwa amelishika shairi lote kichwani, na mimi nilikaa nyuma kusikiliza. Akamaliza fungu la kwanza, na badala ya kwenda kwa wavuvi, akatoa: "Sisi wenye mizizi twagombana, ufuo ni wa nani, tangu jana." Akaenda fungu la pili, akarudi pale pale. Fungu la tatu, akarudi tena, na sasa wazee wenzake wote walikuwa wakiitikia. Amenigeuzia hitimisho kuwa kibwagizo! Shairi la mishororo 14 likawa la mishororo 18, na "ila" yangu ikapita bila mtu kunyoosha shingo, maana uamuzi ulikuwa umeshasomwa mapema.

Tulipobaki wawili nikamwambia, Mzee, umeifungua kabla ya wakati.

"Waliitikia au hawakuitikia?"

"Waliitikia."

"Basi."

Tumebishana juu ya hilo mara nyingi, na sioni dalili ya yeyote kushinda. Nikiisoma mimi, naisoma kwa utaratibu wangu, na watu hunyamaza kidogo mwishoni. Akiighani yeye, wanaimba. Siku hizi watu wa Kaloleni wanalijua shairi kwa njia yake, na nimekutana na kijana wa bodaboda anayejua ile mishororo miwili bila kujua kuna mingine 12.

Mpwa wangu naye aliandika yake aliporudi shuleni, juu ya kengele ya bweni. Aliisimamisha mshororo wa 12. Mwalimu wake akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: imepungua mishororo miwili. Binti akamjibu chini yake kwamba soneti ya Shakespeare ya 126 ina mishororo 12, na ya 99 ina 15. Hayo alikuwa ameyapata kwangu, nami nilikuwa nimempa kama udadisi tu, si silaha. Nimemshauri kwamba siku ya mtihani aandike 14 na anyamaze. Lakini ukiniuliza kama kengele yake ni soneti, nitakwambia ndiyo. Kwenye mshororo wa tisa kengele inaharibika, wanaamka wenyewe saa ile ile, na shairi zima linageuka juu ya hapo.

Sasa nahangaika na mpangilio wa Petrarca wenyewe, a-b-b-a, a-b-b-a. Unadai maneno manne manne kwa vina viwili, tena ya silabi mbili, tena yasiwe ya kisarufi. Mzee ametaka liwe juu ya reli na bandari ya Kisumu, na vina amechagua yeye. Kwa -ari mambo ni mepesi: bandari, safari, habari, hatari, na akiba inabaki. Kwa -eli nina reli, meli, kweli na tapeli. Mzee anasema tapeli hataingia kwenye shairi lake la reli. Mimi nasema sijawahi kuona stesheni isiyo naye.